Mashine tatu, milioni kumi na moja na baba mdogo

BARUA

Shikamoo mama,

Huwa nasoma majibu unayowapa wenzangu, leo nimeamua na mimi nilete langu, ingawa si la ndoa wala la mkwe. Ni la mashine. Ila mashine yenyewe imeshaniingilia mpaka nyumbani.

Nina miaka 38, ninaishi Morogoro, nimeolewa na nina watoto watatu. Nina steshenari jirani na chuo. Tunachapa, tunatoa kopi, tunaskani na tunabaindi kwa ringi za plastiki. Fotokopi ninazo mbili, zote zinatoa mpaka A3, na nina vijana wawili wanaonisaidia. Namshukuru Mungu, kodi ya fremu naimudu na ada za watoto sidaiwi.

Tasnifu za jalada gumu, zile nyeusi au za bluu zenye maandishi ya dhahabu, sizifanyi mimi. Nazipeleka kwa baba mdogo wangu, mdogo wake marehemu baba. Yeye alijifunza kujalidi vitabu ujanani, kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni, na mpaka leo anafanya kila kitu kwa mkono nyuma ya nyumba yake. Anatoboa, anashona kwa uzi, anapaka gundi nyeupe, anakata kadibodi, anavalisha reksini, kisha anagonga herufi. Kazi yake haina dosari. Tatizo ni muda. Ukimpa leo utapata baada ya siku tatu, na hapo awe mzima na asiwe na msiba wala harusi. Msimu wa mahafali wanafunzi wananililia dukani. Wengine wanaondoka na karatasi zao, wanapanda treni ya asubuhi kwenda Dar, na jioni wanarudi na tasnifu mkononi. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 hali ndiyo hiyo.

Halafu kuna mkurugenzi mmoja mwenye shule tatu za binafsi. Aliniambia, nikiwa na mashine ya maana, atanipa kazi ya vitabu vya mazoezi vya wanafunzi wake: kurasa kama 60 kila kimoja, nakala 2,000 kila muhula. Tangu siku hiyo usingizi umeniruka.

Akiba yangu ni milioni 7. Kikoba chetu kinaweza kunikopesha 4, marejesho kila wiki. Jumla milioni 11, na nimeonyeshwa njia tatu.

Ya kwanza ni mashine mpya ya gundi moto kutoka China, inakaa mezani, milioni 6 na nusu pale Kariakoo. Muuzaji anasema inatoa vitabu 200 kwa saa. Ya pili ni mashine kubwa ya gundi, mtumba kutoka Ulaya, imelala kwenye yadi moja Dar. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyeiona. Wanataka milioni 9, na yeye anasema chuma cha Mzungu hakifi. Ananihimiza nimtumie malipo ya awali kabla ya mwisho wa wiki, eti kuna Mkongo anaitaka. Ya tatu ni mashine ndogo tu, milioni 3, inabana jalada gumu lenye mfereji wa chuma mgongoni. Hakuna gundi, hakuna kushona. Dakika mbili tasnifu imekamilika. Hiyo ndiyo ingeniondolea kabisa safari za kwa baba mdogo.

Mume wangu hajakataa. Alisema tu, "Hela ni yako, ila nyumba haijapauliwa." Nyumba yetu imeishia kwenye lenta. Mama yangu ndiye mkali. Anasema nataka kumnyang'anya tonge mtu aliyenilipia ada ya kidato cha tatu na cha nne baba alipofariki. Ni kweli alinilipia.

Baba mdogo mwenyewe nilimweleza. Alinyamaza, akaendelea kupaka gundi, halafu akasema, "Nunua kisu kwanza." Akaishia hapo. Mimi nimelichukulia kuwa kijembe: kwamba kama nimeamua kumchinja, basi niwe na kisu. Tangu siku hiyo nikienda kwake namkabidhi kazi kibarazani na kuondoka.

Mama, ninunue ipi? Na je, mimi ni mtu mbaya?

Mwenye Fremu, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo fupi. Mtu mbaya asingeniandikia barua ya namna hii. Angekuwa ameshanunua.

Hilo la kwanza ni refu. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa uchapaji, kwa hiyo harufu ya gundi moto naijua, na najua jinsi mashine mpya inavyoweza kumfanya mtu mzima ashindwe kula. Lakini sitakuambia ununue ipi. Fremu yako sijaiona, mkurugenzi wako simjui, na marejesho utayalipa wewe. Ninachoweza ni kuisoma barua yako pamoja nawe, polepole kuliko ulivyoiandika.

Nikiisoma hivyo, naona kazi mbili zisizofanana zimewekwa kwenye swali moja. Kuna tasnifu za jalada gumu, chache, za msimu, zinazolipiwa na mwanafunzi mmoja mmoja. Na kuna vitabu vya mazoezi vya shule, vingi, vyembamba, vinavyolipiwa na mtu mmoja. Juu yake kuna baba mdogo, mama, mume, mdogo wako na kikoba, na wote umewaweka wasimame nyuma ya mashine hizo tatu kana kwamba kila mashine inawagusa wote sawasawa. Haiwagusi sawasawa.

Mashine ya gundi moto, iwe ya Kariakoo au ya yadini, inafanya jambo moja. Inabana rundo la karatasi, inausaga mgongo wake ili nyuzi za karatasi zifunguke, inapitisha gundi iliyoyeyushwa kwa joto la kati ya nyuzijoto 150 na 180 hivi, kisha inagandisha jalada laini. Kinachotoka ni kitabu kama riwaya za dukani. Jalada gumu haitengenezi. Kadibodi, reksini na herufi za dhahabu bado vinasubiri mkono wa mtu. Kwa hiyo ukinunua ya kwanza au ya pili, baba mdogo hajapoteza hata tasnifu moja. Mama yako anakulaumu kwa jambo ambalo mashine mbili kati ya tatu haziwezi kulifanya hata ukitaka. Ni ile ya mfereji wa chuma peke yake inayoingia kwenye meza ya mzee.

Sasa tukitazame kitabu cha mkurugenzi. Kurasa 60 ni karatasi 30. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo mgongo wa kitabu hicho ni milimita 3 tu. Gundi moto inaweza kushika mgongo mwembamba hivyo, lakini inashika mahali padogo, na mwenye kitabu ni mtoto wa shule. Mtoto hafungui kitabu kwa adabu. Anakikunja nyuma mpaka majalada yakutane, anakiandikia gotini, anakisahau juani. Gundi za kawaida za mashine hizi hulainika kwenye joto kali, na zikichemshwa mara nyingi hubadilika rangi na kukauka mpaka zinavunjika.

Kitabu chembamba hivyo kina njia nyingine ya zamani ambayo hukuitaja kabisa: kuchapa kwenye A3, kukunja katikati na kushona kwa waya kwenye mkunjo. Karatasi 15 za A3 zikikunjwa ni kurasa 60 kamili, na fotokopi zako zinatoa A3. Kitabu kinafunguka chote, na ukurasa hauchomoki mpaka uchanwe. Kuna stepla za mkono mrefu za bei ya kawaida, na kuna mashine za kushona waya za umeme zinazokula kazi ya maelfu. Nazo zina shida zake. Hesabu ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, kitabu kikizidi unene kinakataa kulala, na kubana nakala 2,000 kwa stepla ya mkono kutawafanya vijana wako wakukimbie. Lakini ni njia, na haikuwemo kwenye barua. Najiuliza kwa nini. Huenda ni kwa sababu aliyekuonyesha njia alikuwa muuzaji wa mashine za gundi.

Hapa ndipo nilipolirudia neno la baba mdogo. Vitabu vilivyokunjwa na kushonwa waya, karatasi za ndani huchomoza mbele kuliko za nje, lazima zikatwe ziwe sawa. Vitabu vya gundi moto navyo hukatwa pande tatu baada ya kugandishwa, la sivyo jalada linazidi huku na kurasa zinapishana kule. Kila njia uliyonayo ya vitabu vya shule inaishia mahali pamoja: mashine ya kukatia karatasi, yenye kisu kizito kinachoshuka mara moja na kukata rundo zima. Kwenye viwanda vya uchapaji hiyo ndiyo mashine inayoheshimiwa. Zile Polar za Kijerumani wazee wa kazi huzisimulia kama wavuvi wanavyosimulia bahari. Sasa mzee aliyekulia kiwandani, binti wa kaka yake akimwambia anataka kununua mashine ya vitabu, naye anajibu "Nunua kisu kwanza," inawezekana ilikuwa kejeli, maana wazee nao wana vijembe vyao. Lakini inawezekana pia kwamba lilikuwa jibu la fundi kwa swali la kifundi, na ndilo jibu bora ulilopewa na yeyote mpaka sasa. Wewe hukumwuliza, na tangu hapo unamwachia kazi kibarazani. Ningekuwa wewe ningeingia ndani nikamwuliza, kisu kipi baba?

Hilo linaigusa hesabu yako moja kwa moja. Milioni 6 na nusu ya Kariakoo ni bei ya nusu ya kazi. Mwulize muuzaji huyohuyo bei ya mashine ya kukatia ya umeme inayoweza A4 na A3, halafu ujumlishe mashine ya kutia jalada alama ya mkunjo, maana jalada la gramu 250 au 300 likikunjwa bila alama linapasuka mgongoni. Baadhi ya mashine za gundi zinayo sehemu hiyo, nyingine hazina. Na ukinunua kisu, kiwe cha vitufe viwili vinavyobonyezwa kwa mikono yote miwili kwa pamoja, chenye kinga mbele. Vijana wako ni watoto wa watu. Uliza pia kisu kinanolewa wapi, na kama kinakuja na cha akiba, kwa sababu siku cha kwanza kikiwa Dar kinanolewa, duka halitasubiri.

Kuhusu ile ya yadini, sina ugomvi na vyuma vya Ulaya. Mashine nyingi za mtumba zimefanya kazi nchini kwetu kwa miaka na miaka baada ya wenyewe kuzichoka. Ila swali la kwanza si kama chuma kinakufa. Ni umeme. Mashine kubwa za kiwandani nyingi zinataka umeme wa njia tatu, na fremu nyingi za mjini zina njia moja. Kuomba njia tatu ni gharama na ni muda, na mwenye fremu lazima akubali. Swali la pili ni tanki la gundi: limeungua? Kisagio cha mgongo bado kina makali? Swali la tatu, fundi wake yuko mji gani, na spea zinatoka wapi? Swali la nne ni karatasi za forodha. Je, bei ya milioni 9 ina ushuru na VAT ya asilimia 18 ndani yake, au utaambiwa baadaye? Mashine kama hiyo ikiwa nzima itakubeba mpaka watoto wamalize chuo. Ikiwa mbovu itakaa kwenye fremu unayoilipia kodi, na kuiondoa kunataka watu sita.

Mdogo wako sijasema anakula cha juu. Barua yako nayo haijasema, ila imelizunguka hilo neno mara mbili tatu, na yule Mkongo anayeitaka mashine kila mara huwa anaitaka kabla ya mwisho wa wiki. Hata kama kijana ana nia safi, yeye ameiona ikiwa imezimwa. Kuna namna ya kwenda bila kumvunjia heshima: mwambie unakuja mwenyewe na karatasi zako. Treni hiyohiyo inayokuchukulia wateja itakufikisha Dar asubuhi kwa muda usiozidi saa mbili.

Na ukienda, iwe yadini au Kariakoo, nenda kweli na karatasi zako. Beba rimu unayoitumia kila siku na majalada ya aina utakayotumia. Waombe waiwashe mashine mbele yako na uangalie saa: gundi inachukua muda gani kuyeyuka tangu baridi? Inaweza kuwa nusu saa au zaidi, na umeme ukikatika katikati ya kazi unaanza upya huku kitabu kimoja kikiwa kimekwama kwenye kibanio. Watengeneze vitabu vitano. Usivihukumu palepale, gundi ya moto inadanganya. Lala navyo. Kesho yake fungua kimoja katikati mpaka kilale, shika ukurasa mmoja uvute taratibu kwenda juu. Ukitoka kwa urahisi, umeshajua. Halafu hesabu mwenyewe wanachokiita vitabu 200 kwa saa. Hiyo ni kasi ya mashine ikizunguka. Mtu wa kuisawazisha karatasi, kuiweka, kuitoa na kufuta gundi iliyomwagika hana kasi hiyo, hasa saa nane mchana Morogoro.

Kuna jambo moja dogo ambalo wauzaji hawalisemi na ambalo limeharibu vitabu vingi: uelekeo wa nyuzi za karatasi. Karatasi ina nyuzi zilizolala upande mmoja. Zikiwa sambamba na mgongo, kitabu kinafunguka vizuri. Zikikatiza mgongo, kurasa zinajikunja kama mawimbi na mgongo unapasuka. A4 ya kawaida mara nyingi nyuzi zake zinafuata urefu, kwa hiyo kitabu cha A4 hakikusumbui. Ukiikunja A4 hiyo kutengeneza kitabu cha A5, nyuzi zinageuka upande mbaya. Na A3 utakazokunja kwa ajili ya shule, angalia kabla hujanunua maboksi. Kipimo chake ni bure: chana karatasi kwa vidole urefu kisha upana. Upande mmoja utachanika moja kwa moja, mwingine utapindapinda. Ule unaochanika moja kwa moja ndio uelekeo wa nyuzi. Baba mdogo hilo analijua bila kufikiri.

Ile ya milioni 3 ndiyo inayokuvuta, nimeona. Ni kweli ina kasi, na kwa mwanafunzi mwenye tarehe ya kukabidhi kesho, kasi ni kila kitu. Lakini inakula majalada yake yenyewe, yenye mfereji wa unene maalumu. Tasnifu ya karatasi 120 na ya karatasi 250 hazitumii jalada moja, kwa hiyo utalazimika kuweka akiba ya saizi mbalimbali, na siku muuzaji akiacha kuyaleta umebaki na chuma cha kuwekea mlango. Maandishi ya dhahabu nayo hayaji yenyewe, bado utahitaji namna ya kuyagonga. Na kabla ya yote, nenda ofisi ya masomo ya uzamili pale chuoni uulize mambo mawili. Je, wanapokea tasnifu iliyobanwa kwa chuma, au mwongozo wao unadai ya kushona? Na nakala ngumu ngapi wanazidai siku hizi? Vyuo vingi duniani vimehamia kwenye nakala za kompyuta, na sipendi ununue mashine ya kazi inayopungua.

Sasa tuzungumze kuhusu mzee. Siku tatu anazochukua, unajua zinakwenda wapi? Gundi nyeupe inataka saa kadhaa chini ya uzito, hilo halipunguziki sana. Lakini kukata kadibodi kwa mkono na kugonga herufi moja moja kunakula mchana mzima. Kuna mashine ndogo za kugonga maandishi ya dhahabu kwa joto, na kisu tulichokizungumzia kingeweza kukata kazi yake pia. Inawezekana unachohitaji kununua ni saa zake, na yeye abaki na kushona. Inawezekana pia hataki. Mzee aliyezoea kuwa bosi wa uani kwake anaweza asipende kuja kufanya kazi kwenye fremu ya binti wa kaka yake, na malipo kati ya ndugu yana namna ya kuchacha. Na lipo la tatu, ambalo wewe na mama yako hamjalitaja hata mmoja: huenda amechoka. Mnagombania tonge lake bila kumwuliza kama bado ana njaa ya kazi nyingi kiasi hicho. Mmoja wa vijana wako angeweza kuketi naye miezi michache akajifunza kushona. Ada ya kidato cha tatu na cha nne ni deni la kweli, sitakudanganya kwamba limeisha. Ila sidhani kama linalipwa na wanafunzi wanaosubiri siku tatu.

Mkurugenzi wako amesema, hajaandika. Simshutumu, shule nyingi ni waungwana. Lakini "ukiwa na mashine nitakupa" ni ahadi inayomgharimu yeye sifuri na wewe milioni 11. Mwombe oda ya maandishi kwa muhula mmoja, na malipo ya awali yanayofika angalau bei ya karatasi. Mwulize analipa lini: mwanzo wa muhula, au baada ya wazazi kumaliza ada, ambayo ni hadithi nyingine? Na mwulize kwa upole mazoezi hayo ameyatunga nani. Kama walimu wake wameyatunga, vizuri. Kama yamekatwa kwenye vitabu vya wachapishaji, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo na COSOTA, wale wasimamizi wa hakimiliki, wapo, na mwenye mashine huulizwa pamoja na mwenye oda. Nalisema hili kwa sababu ya duka lako lote. Kopi ya kitabu kizima yenye ringi inaonekana ni kopi. Ikitoka kwenye mashine ya gundi na jalada la rangi inaonekana ni kitabu, na wapo watakaokuja kukuomba hivyo siku ya kwanza utakapoiwasha.

Unaweza kuufanya muhula wa kwanza bila mashine yoyote. Chapa wewe, umpe mwenye mashine kazi ya kumalizia, upate faida ndogo na ujue kama mkurugenzi analipa. Hatari yake unaijua: anayekumalizia kazi anaweza kumfuata mteja wako nyuma ya mgongo. Wengine wameumizwa hivyo, wengine wamejenga biashara hivyo.

Kuhusu mume wako, sentensi aliyokupa ni fupi na haina ukali, lakini usiisome kuwa ni ruhusa. Amekuonyesha foleni aliyokuwa anadhani mko pamoja ndani yake. Keti naye na karatasi, si na simu, mwandike marejesho ya kila wiki upande mmoja na miezi ambayo chuo kimefungwa upande mwingine. Mkurugenzi atalipa kwa muhula, wanafunzi wanalipa kwa msimu, kikoba kinataka kila wiki. Milioni 4 hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko mashine zote tatu. Jaribuni pia hesabu ya milioni 7 peke yake, bila mkopo, mwone inanunua nini na inaacha nini. Huenda mkaona haitoshi na mkopo ni wa lazima. Basi mtakuwa mmeuchukua wote wawili.

Ukishajua fremu yako ina umeme wa njia ngapi, chuo kinadai jalada la namna gani na mkurugenzi amekubali kuandika nini, niandikie tena. Hesabu zitakuwa zimebadilika, na mashine inayokuvuta leo inaweza isiwe hiyo.

Wako,
Mama Mshauri